Mpwa wangu kaniambia Illmatic ni albamu ya kawaida: kisa kizima na kosa lilipokuwa

"Anko, hii mbona ya kawaida tu."

Hayo maneno nimeambiwa mwaka jana mwezi wa kumi na moja, ndani ya saluni ya kunyolea pale Chikongola, Mtwara mjini, na aliyenitamkia ni mtoto wa dada yangu tumbo moja. Sasa we jua tu kwamba kwetu Wamakonde mjomba siyo mtu wa kuchezea, mpwa akikosea mjomba ndo anaitwa, mpwa akitaka kuoa mjomba ndo anaulizwa, kwahiyo mpwa kunidharaulia muziki wangu mbele ya wateja watatu waliokaa kwenye benchi ni kesi ya kuitishia kikao kabisa. Leo nacheka ila siku ile sikucheka hata kidogo. Albamu yenyewe ni Illmatic ya Nas, rapa wa New York.

Naandika hiki kisa chote kwa sababu nilivyotulia nikagundua dogo hakuwa na makosa, na albamu pia haikuwa na makosa, kitu kilichoharibika kilikuwa katikati yao, na mimi kazi yangu ni fundi redio, redio ikikoroma huwa siilaumu stesheni wala msikilizaji, nafungua kifuniko.

Kwanza mjue mimi niliipataje. Ilikuwa 1997, miaka mitatu baada ya kutoka, maana ilitoka tarehe 19 Aprili 1994 chini ya kampuni ya muziki ya Columbia na jamaa alikuwa na miaka 20 tu. Ikafika kwetu kwa kanda iliyorekodiwa toka kanda nyingine ambayo nayo sijui ilirekodiwa toka wapi, kaja nayo mtoto wa jirani alokuwa anasoma Dar. Enzi hizo Dar na Mtwara siyo safari ya kupanda basi alfajiri jioni uko nyumbani unakula, daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003, kabla ya hapo ni kivuko na matope, mvua za masika zikikolea barabara imekufa unasubiri meli. Kwahiyo kitu kikifika kimefika. Ile kanda moja ilizunguka mtaa mzima, ukanda ukichomoka tunaurudisha kwa kalamu ya biki tunazungusha taratibuuu usije ukajikunja, na mimi ilikaa kwangu kama miezi mitatu hivi bila kuisikiliza kanda nyingine yoyote kwa sababu nyingine sikuwa nayo. Hilo la kutokuwa na nyingine mlishike, nitalirudia.

Tuje kwenye siku ya tukio. Jumamosi, msimu wa korosho, minada inaendelea, mji una hela na saluni imejaa, vijana wametoka Tandahimba na Newala wanataka kunyolewa staili za mjini. Mpwa wangu ndo anaanza kujifunza kurap, ana daftari lake, akaniomba, anko nipe albamu moja ya zamani ya hip hop ambayo ukisema hii ndo shule, ni shule kweli. Roho yangu ikafurahi. Nikamtilia kwenye flashi, nikaenda mwenyewe kwa miguu mpaka saluni, nikaichomeka kwenye sabufa, kisha nikafanya kosa ambalo nilikuja kuliona baadaye: nikaanza kuhutubia. Nikawaambia hii jarida la hip hop la The Source liliipa maiki tano, yaani alama za juu kabisa, na hizo maiki tano zilikuwa hazitoki ovyo, hii mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitangaza kati ya rekodi za kutunzwa, hii kila marapa wakikaa kubishana albamu ya kwanza iliyo bora kuliko zote haikosi kutajwa. Dakika kumi naongea. Mteja mmoja akasema mzee unauza dawa ya kunguni nini, watu wakacheka.

Ndo ikapigwa. Ikaanza Halftime. Baada ya hapo It Ain't Hard to Tell, mpwa akatikisa kichwa kidogo, "hii biti ni ya Maiko," na kweli ni Human Nature ya Michael Jackson imekatwakatwa na prodyuza Large Professor humo ndani. Ikaja ile yenye jina ambalo siwezi kulitamka mbele ya mama mkwe wangu, ile aliyoshirikishwa rapa AZ. Hapo mashine ya kunyolea inanguruma, sabufa besi imefunguliwa hadi mwisho maana saluni zote za hapa ukizima besi watu wanadhani umefilisika, sauti ya jamaa imezama chini kabisa unasikia kama mtu anaongea ndani ya pipa. Zikaenda kama sita hivi. Mpwa katulia anachonga mstari wa mtu pembeni ya paji, kisha akasema lile neno lake, na akaongezea kwa adabu lakini: "Anko, haina korasi ya kuimba, haina fujo, ni mtu anaongea tu. Samahani lakini." Akabadilisha, singeli ikaingia, benchi zima likafufuka.

Nikaondoka na flashi yangu mfukoni. Nilinuna siku mbili.

Sasa kufungua kifuniko. Siku ya tatu nipo kwenye kibanda changu nachomelea waya wa spika ya mtu, nikaichomeka ile flashi kwa hasira niisikilize mimi mwenyewe, nikaiacha inacheza huku mkono uko kazini. Ikapita Represent, halafu nikasikia treni. Nikaacha chuma cha kuchomelea mezani. Treni? Yaani ile sauti ya treni ya New York inayopita, maneno yaliyochukuliwa kwenye ile filamu ya Wild Style ya 1983, na kwa mbali inasikika mistari yake Nas mwenyewe ya 1991 alipoalikwa kwenye wimbo wa kundi la Main Source akiwa bado dogo wa sekondari kwa umri, kile ndo KIUTANGULIZI, ule ni mlango wa nyumba, na mlango umekuja wa tisa! Nikashika simu nikahesabu majina. H, I, L, M, N, O, O, R, T, T. Flashi ilikuwa imezipanga kwa alfabeti. Wimbo wa kufungia albamu dogo kausikia wa pili, wa kufungulia ungekuja wa tisa kama angekuwa na subira ya kufika huko, na ule aliouanza, Halftime, ndo wa zamani kuliko nyimbo zote humo, ulitoka tangu 1992 kwenye muziki wa filamu moja kabla hata albamu haijawa albamu.

Mtu anaweza kusema si nyimbo tu, ukipanga hivi ukipanga vile si zilezile. Hapana bana. Kwa albamu nyingine naweza kukubali, hii hapana, hii ni fupi mno, utangulizi na nyimbo tisa, haifiki hata dakika arobaini, kila kitu kimekaa pale kwa sababu. Kwenye kanda na santuri halisi upande wa kwanza uliandikwa 40th Side North na wa pili 41st Side South, hiyo ni mitaa ya pale pale kwao Queensbridge, nyumba za serikali za Queens alipokulia, yaani kanda yenyewe ukiigeuza umevuka mtaa. Upande mmoja tano, upande wa pili tano. Treni inakuleta, unashuka, halafu inaingia ile piano nzito ya N.Y. State of Mind, na jamaa unamsikia kabisa ananung'unika kwamba hata hajui aanzie wapi, halafu anaanza na hasimami. Ukiipiga hiyo ya tano baada ya nyimbo nyingine nne, hayo manung'uniko hayana maana yoyote, mtu gani kesharap dakika kumi na tano halafu anasema hajui aanzie wapi?

(Na hapo kwenye treni kuna kachekesho ka kwetu: Mtwara tuna kata inaitwa Reli na treni hakuna. Ilikuwepo ile ya Waingereza, enzi za mradi wa karanga, ikang'olewa miaka ya sitini. Mpwa wangu hajawahi kupanda treni maisha yake yote.)

Hilo la kwanza, na la besi mmeshaliona. La hotuba pia mmeliona, ukimsifia mtu chakula dakika kumi kabla ya kumpakulia akionja anatafuta kasoro, ndo binadamu tulivyo. Ila la lugha ndo lilinipa kazi, kwa sababu hapo ilibidi nijihoji mwenyewe. Mpwa kamaliza fomu foo, Kiingereza chake ni cha kujibia mtihani, Kiingereza cha Queensbridge 1994 ni kitu kingine kabisa. Lakini na mimi 1997 nilikuwa naelewa neno moja kwenye kumi! Tulikuwa tunaimba sauti tu, tunafuatisha mdomo. Kwahiyo kwanini mimi niliipenda na yeye hapana? Jibu siyo masikio. Mimi nilikuwa na kanda moja miezi mitatu. Yeye ana simu yenye kila wimbo ulioimbwa duniani, akichoka sekunde nane anaruka. Nilipewa muda nikadhani nimepewa akili.

Na ule muda siwezi kumpa, sitamnyang'anya simu. Nikaona lazima nitafute mlango mwingine, na huo mlango alinionyesha yeye bila kujua.

Ilikuwa usiku barazani kwa dada, Magomeni ya hapahapa Mtwara. Dada kachemsha ming'oko, tunakula na chumvi ya pilipili, mpwa kakaa pembeni kaegemea nguzo anamrekodia voisi kaka yake. Kaka yake yuko Sauzi, mwaka wa pili huu, alivuka Ruvuma akapita Msumbiji kama wanavyopita wengi wa huku, na mke kamwacha hapa na mimba. Dogo kaweka simu karibu na mdomo, anaongea taratibu: "Broo, mama mzima, ule mguu bado kidogo unamsumbua. Korosho tumeuza mnada wa tatu ila hela haijaingia. Yule jamaa yako wa boda wamemshika, yuko ndani. Mwanao anatembea sahivi, sura yako mpaka kisigino, mama yake mbona hakutafuti siku hizi, mmegombana? We jitunze, usijichanganye na wale."

Mng'oko ulinibaki mkononi. Maana hiyo, neno kwa neno karibu, ni beti ya kwanza ya One Love. Nas anamwandikia barua rafiki yake aliyefungwa: najua huko kugumu, hongera umepata mtoto wa kiume, nasikia amefanana na wewe, mbona mwenzio hakuandikii, halafu anampa habari za mtaani nani kafanya nini. Miaka thelathini na zaidi, bahari nzima katikati, na huyu mtoto aliyesema "ni mtu anaongea tu" anafanya kitu kilekile kwenye baraza la mama yake. Kweli ni mtu anaongea tu! Ndo utamu wenyewe uliko.

Sikumwambia kitu. Kuhutubia nilishajifunza.

Nilichofanya, nikazipa nyimbo namba, 01 mpaka 10, nikamsubiri Jumatatu asubuhi saluni haina watu. Sabufa nikaishusha besi mpaka karibu na sifuri, akanitazama kama nimemvua nguo. Nikamwambia tunasikiliza upande wa kwanza tu, ukichoka sema. Treni ikapita. Piano ikaingia, jamaa akanung'unika, nikamtafsiria hilo moja tu, "anasema hajui aanzie wapi," mpwa akacheka, "kama mimi na daftari langu," na kuanzia hapo sikutafsiri mpaka aulize. Ile ya jina baya ilipofika mwisho akanyanyua kichwa, "hilo tarumbeta?" Nikamwambia anayepuliza ni baba yake mzazi, Olu Dara, mwanamuziki wa jazi, kaja kumpulizia mwanawe kwenye albamu ya kwanza. Akaomba nirudishe. Tukarudisha ile sehemu ya mwisho mara tatu, beti za watoto wa mtaani wanaosema maisha ni mafupi, mambo ya kukata tamaa, halafu baba mtu anaingia na tarumbeta lake haongei neno. Mpwa akasema huku kwetu tarumbeta likilia ujue bibi harusi anapita, kule limelia kwenye kilio. Mi sikuwahi kuliwaza hivyo, nakiri kabisa.

The World Is Yours aliipenda haraka, piano ile prodyuza Pete Rock kaitoa kwa Ahmad Jamal, mpiga piano wa jazi, siyo ya kubishia. Halftime akasema biti kali ila maneno ni majigambo. Sawa.

Tukageuza upande. One Love nilimwandalia, nilikuwa nimeiandika kwa Kiswahili kwenye karatasi ya risiti za kibandani, nikampa asome huku ikipiga. Akasoma beti ya kwanza akafika kwenye mtoto wa kiume aliyefanana na baba yake, akanitazama, akarudi kwenye karatasi. Hakusema kitu. Beti ya tatu si barua tena, Nas kakaa kwenye benchi na dogo wa miaka kumi na mbili hivi ambaye kashaingia kwenye mambo ya wakubwa, anamwachia maneno ya kwenda nayo. Hapo mpwa akaongea: "Huyu ni kama yule dogo anayenifagilia nywele hapa." Kweli kuna dogo mmoja huwa anakuja kufagia, mchana wa shule yupo tu mtaani na hakuna anayemuuliza.

Baada ya hapo tukaongea kama watu wawili, siyo mjomba na mpwa. Nikamwekea na Ndio Mzee ya Profesa Jay, ile iko kwenye Machozi Jasho na Damu ya 2001, albamu yake ya kwanza ya peke yake baada ya kundi la Hard Blasters. Hiyo anaijua kwa moyo, mgombea anaahidi mpaka visivyowezekana na watu wanaitika tu. Nikamuuliza mtu wa Queens akiisikia hiyo bila kujua mikutano ya kampeni ya hapa, atacheka? Akasema ataona ni mtu anaongea, halafu akacheka mwenyewe maana kajikamata. Si kwamba hizo albamu mbili zinafanana, Jay anacheka na kuigiza, Nas yuko dirishani anaangalia chini na kuripoti, ila zote mbili lazima ujue mtaa ndo uonje.

Sasa nisiwadanganye kwamba dogo kaokoka. One Time 4 Your Mind kasema ni ya kujazia, na mimi sikubishana maana nafsini mwangu nimeshaisema hivyo tangu kanda ile, biti yake ipo ipo tu. Na kuna swali aliniuliza ambalo sijapata jibu la kumtosha: mtu huyuhuyu anajisifu na bunduki wimbo wa pili, wimbo wa saba anampa mtoto ushauri, tumwamini yupi? Nikamwambia alikuwa na miaka 20, rafiki yake wa karibu Ill Will alipigwa risasi akafa 1992, mtu wa hivyo ana yote mawili mdomoni kwa siku moja. Mpwa akasema sawa anko ila mimi nikiandika sitajisifia panga. Haya. Hapo kanizidi mjomba wake.

Akauliza pia iliuza sana? Nikamwambia mwanzoni wala, ilianzia namba 12 kwenye chati ya Billboard, cheti cha mauzo cha dhahabu ilipata 1996 na platinamu 2001, yaani miaka saba kufikia nakala milioni moja. Hiyo ilimfariji kuliko yote niliyomwambia, sijui kwanini, au najua.

Jumamosi iliyofuata nikapita saluni kuchukua hela yangu ya kutengeneza feni. Watu wamejaa, minada bado. Nikasikia toka nje Memory Lane inaisha, One Love inaingia, kwa mpangilio. Mteja aliyekuwa kwenye kiti, povu limemjaa kidevuni, akasema oya kinyozi nani huyu anaongeaongea, weka singeli.

Mpwa hakumjibu ni nani. Akasema "subiri, zimebaki tatu," akanyoosha mkono kwenye sabufa, akapunguza besi.